Ukuta wa Kitenge: Jinsi Mila Zinavyojenga Mahali pa Kuogea Maji ya Moto

Mama yangu mkubwa, ambaye magoti yake yamemtesa kwa miaka mingi, huvuka mpaka kutoka Goma mara mbili au tatu kwa mwaka ili akakae katika maji ya moto ya Nyamyumba, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda. Siku niliyomsindikiza niliona jambo dogo ambalo ndilo chanzo cha makala hii. Alipotaka kubadili nguo, wanawake wawili tusiowafahamu waliinuka bila kuombwa, wakakinyoosha kitenge kati yake na sisi tuliokaa juu ya mawe, wakageuza nyuso zao kuelekea ziwani, na wakasimama hivyo mpaka alipomaliza kujifunga. Kisha kitenge kikakunjwa na ufuko ukabaki mtupu kama ulivyokuwa. Kwa dakika chache palikuwa na chumba mahali pale: kilikuwa na ukuta, kilikuwa na upande wa kuingilia, na kilikuwa na sheria iliyojulikana na kila aliyekuwapo kuhusu nani anaruhusiwa kukitazama.

Hukikumbuka kitenge hicho kila ninaposikia swali ambalo watu wa Goma waliotembea nchi za mbali huliuliza wanaporudi: kwa nini Wajapani, Waturuki au Wahungaria wana majumba makubwa juu ya maji yao ya moto, ilhali sisi tunaoishi kwenye miguu ya volkano ya Nyiragongo hatuna ila mawe na matope? Jibu la haraka huwa ni umaskini na vita, na hakuna mkaaji wa Kivu Kaskazini anayeweza kulidharau jibu hilo. Hata hivyo halitoshi. Ukosefu wa fedha hueleza kwa nini jengo halikujengwa, lakini wingi wa fedha hauelezi kwa nini jengo lililojengwa likapata umbo lile na si jingine. Kwa nini bwawa la Budapest limefichwa gizani chini ya kuba, kwa nini jengo mashuhuri kuliko yote la Karlovy Vary halina bwawa bali lina nguzo 124, na kwa nini mtu wa Japani hukuta vigoda vifupi kabla ya kuyafikia maji. Umbo hutokana na mambo ambayo watu walikwisha kuyakubali kabla fundi hajaitwa: maji hayo hufanya nini mwilini, mwili usafishwe wapi, na nani asimwone nani.

Tuanze na maji yenyewe. Mvua huzama ardhini, hushuka kupitia nyufa za miamba mpaka kwenye kina chenye joto, kisha maji hayo hupanda tena kupitia ufa mwingine, yakiwa yamebeba madini na gesi yaliyokutana nazo njiani. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambalo limeyashika maziwa ya Edward, Kivu na Tanganyika kama shanga kwenye uzi, limejaa nyufa za namna hiyo, na ndiyo maana chemchemi hazikosekani kwetu: kuna Mayi ya Moto katika teritwari ya Rutshuru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kuna za Katana, kaskazini mwa Bukavu, kuna Nyamyumba niliyokwisha kuitaja, na Bugarama ng'ambo ya mto Ruzizi. Maji hayo mara nyingi hutoka na joto lisilostahimilika. Mtu hukaa kwa raha katika maji yasiyozidi nyuzi 42 hivi, na zaidi ya hapo huanza kujiunguza. Kwa hiyo kila mahali pa kuogea maji ya moto pana kazi isiyokwepeka, nayo ni kuyapooza maji, na hapo ndipo mila inaposhika mwiko wa fundi.

Mji wa Kusatsu, katika milima ya Japani, una chemchemi zenye asidi kali ambazo baadhi yake hutoka na joto la zaidi ya nyuzi 50. Ingekuwa rahisi kuongeza maji ya baridi, lakini desturi ya Kusatsu huona kwamba kufanya hivyo ni kuipunguza dawa. Ndiyo maana katikati ya mji pamejengwa kitu ambacho si bwawa wala si nyumba: ni mifereji mirefu ya mbao iliyopangwa sambamba, mfano wa matuta ya shamba, ambamo maji hupita polepole yakipoteza joto kwa upepo na kuacha unga wa salfa ambao hukusanywa. Nyumba za wageni na barabara zimeizunguka mifereji hiyo, nayo ndiyo uwanja mkuu wa mji. Ndani ya nyumba za kuogea kuna desturi nyingine ya namna hiyo hiyo: watu hushika mbao ndefu, wakayakoroga maji kwa pamoja huku wakiimba, mpaka joto lishuke. Imani moja tu, kwamba maji yasichanganywe, imeamua katikati ya mji kuwe na nini.

Hata jina la kitu huamuliwa hivyo. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 huyaita maji ya ardhini kuwa ni chemchemi ya moto yakifikia nyuzi 25 tu yanapotoka, au yakiwa na kiwango cha kutosha cha mojawapo ya madini yaliyoorodheshwa. Kwetu maji ya nyuzi 25 ni maji ya kunywa.

Baada ya joto huja usafi. Nchini Japani bwawa huogewa na wengi kwa pamoja, na maji yake huhesabiwa kuwa ni ya kutuliza na kutibu, si ya kuondolea uchafu. Mtu akiingia na sabuni au na jasho la safari amewakosea wenzake wote. Basi jengo limepangwa kumfundisha hata mgeni asiyeambiwa neno: viatu huachwa mlangoni, nguo huachwa katika chumba cha pili, na kabla ya bwawa kuna sakafu yenye mabomba ya chini, ndoo na vigoda ambavyo mtu hukalia akijisugua mpaka atakate. Bwawa huja mwisho. Kwa maneno mengine, jengo ni safari ya kutoka uchafu kwenda usafi, na hakuna njia ya mkato.

Katika desturi ya Kiislamu mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Maji yanayotiririka yana hadhi ya pekee katika twahara, yaani usafi wa ibada, na mtu anayejua kutawadha ataelewa mara moja kwa nini hamamu ya kawaida ya Kituruki haina bwawa: ina vyungu vya mawe vilivyoshikamana na kuta, maji huchotwa kwa bakuli na kumwagiwa mwilini, kisha hukimbilia mferejini bila kurudi. Lakini pale Waosmani, watawala wa Kituruki wa zamani, walipokuta chemchemi za moto, kama katika mji wa Bursa au katika mji wa Buda, leo sehemu ya Budapest, waliouteka katika karne ya 16, waliruhusu bwawa katikati ya chumba, nami naona sababu yake ni kwamba maji ya chemchemi huingia na kutoka usiku na mchana, hivyo bwawa lenyewe hufanana na mto uliosimamishwa kwa muda. Hamamu ya Rudas, iliyojengwa Buda katika karne hiyo, bado inatumika: bwawa la pembe nane, nguzo nane, na juu yake kuba yenye matundu madogo ya vioo ambayo huteremsha miale ya mwanga katika mvuke. Mtu akiingia humo huacha kuzungumza kwa sauti bila kuambiwa. Kuba hiyo humkumbusha mtu msikiti, na heshima ya msikiti imekuja pamoja nayo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Hungaria ili kuliona jambo hili. Neno hamamu limo katika lugha yetu, na mtaa wa Hamamni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar umepewa jina hilo na hamamu iliyojengwa huko zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kabla ya hapo, mwaka 1850, Sultani Said alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mapambo ya chokaa kwenye kuta zake yanafuata mtindo wa Uajemi, si wa Oman. Hakuna chemchemi ya moto katika majengo hayo mawili, lakini yanathibitisha kwamba nyumba ya kuogea huhama pamoja na mwenye mwili: binti wa Uajemi alipofika Unguja, namna yake ya kuoga ilihitaji kuta zake.

Hata hivyo joto na usafi ni mambo mepesi yakilinganishwa na macho. Kwa maoni yangu, swali la nani amwone nani ndilo linalopanga majengo haya kuliko swali jingine lolote, na ndilo ambalo wataalamu wa ramani hulisahau kwa sababu halionekani kwenye karatasi.

Waturuki walilijibu kwa kuipasua nyumba ya maji katika sehemu mbili: hamamu kubwa nyingi ni majengo mawili yaliyogeuziana mgongo, moja la wanaume na moja la wanawake, na milango yao mara nyingi hufunguka njia tofauti ili hata wanaoingia wasikutane. Pale penye jengo moja tu, siku ziligawanywa, na saa ikawa ndio ukuta. Japani ilianza mahali pengine kabisa. Kwa karne nyingi wanaume na wanawake walioga pamoja katika chemchemi nyingi za vijijini bila kuona aibu, mpaka wageni kutoka Ulaya na Marekani walipofika kwa wingi katika karne ya 19 na kushangaa; serikali mpya ya mfalme Meiji, iliyotaka nchi ihesabiwe kuwa ya kisasa, ikapiga marufuku kuoga pamoja katika nyumba za umma. Mabwawa ya zamani yakagawanywa kwa mbao katikati, na mlangoni yakatundikwa mapazia mawili, mara nyingi la buluu kwa wanaume na jekundu kwa wanawake. Ukuta huo haukutoka katika mila ya waogaji. Ulitoka katika jicho la mgeni aliyewatazama, na hilo ni somo ambalo sisi tuliotawaliwa tunapaswa kulipima vizuri.

Iceland nayo imeuweka ukuta wake mahali ambapo mgeni hapategemei. Huko wanawake huvua nguo zote na kujisafisha mbele ya wanawake wenzao, na wanaume vivyo hivyo mbele ya wanaume wenzao, wala hakuna anayeruhusiwa kujisafisha huko akiwa na nguo. Lakini wakitoka nje wote hukutana katika mabwawa yale yale wakiwa wamevaa nguo za kuogelea, jirani na jirani, mwalimu na mwanafunzi wake. Aibu ya mtu wa Iceland haiko kwenye mwili uliovuliwa mbele ya watu wa jinsia yake. Iko kwenye uchafu ulioingizwa majini. Kwa hiyo chumba cha kujisafishia mara nyingi kiko wazi bila pazia, na jengo zima limepangwa ili asiwepo anayelifikia bwawa bila kupita hapo.

Sasa turudi Kivu, kwa sababu hapa ndipo majibu ya wengine yanapotupungukia. Ukigawanya chemchemi yetu kwa pazia la wanaume na la wanawake, umetatua nusu tu ya tatizo, na pengine nusu ndogo. Kwa familia nyingi za huku, mwanamume humkwepa mama mkwe wake kwa heshima: hakai naye karibu, hali chakula mbele yake ovyo, na kumwona akiwa amejifunga kanga kifuani ni jambo la kufedhehesha wote wawili. Mkwe na baba mkwe wakikutana bafuni, wote wakiwa wanaume, pazia la jinsia halijawasaidia. Kijana hawezi kukaa maji yaleyale na baba yake mdogo kana kwamba ni rika moja, ilhali bibi na wajukuu wake wanaweza kuoga pamoja wakicheka, kwa kuwa utani wa bibi na mjukuu unaruhusu. Yaani mipaka yetu haipiti kati ya wanaume na wanawake peke yake. Hupita pia kati ya vizazi na kati ya koo zilizooana. Anayechora ramani ya nyumba ya kuogea akiwa na vyumba viwili vikubwa amechora kitu ambacho watu wataingia kwa zamu, wakichunguliana mlangoni ili kujua nani yumo.

Nyumba za Waswahili wa pwani zilikwisha kulishughulikia jambo la namna hii kwa njia ya daka, ule upenu wa mlangoni ambapo mgeni hukomea, na kwa vyumba vinavyofuatana vikizidi kuwa vya siri kadiri mtu anavyokwenda ndani. Mgeni hasemwi, jengo humsimamisha. Ningependa kuona wanafunzi wetu wa usanifu wa majengo, hapa Goma na Bukavu, wakiichunguza hekima hiyo kabla ya kufungua vitabu vya hoteli.

Kuna pia swali la ugonjwa, maana watu huenda kwenye maji ya moto wakiwa na dhana fulani ya kile kinachowaumiza. Waroma waliojenga Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, juu ya chemchemi yenye nyuzi 46 hivi, hawakutenganisha tiba na ibada: waliizungushia ukuta chemchemi yenyewe, wakalitandaza bwawa kubwa kwa mabamba ya madini ya risasi, na pembeni yake wakajenga hekalu la mungu wa kike ambaye wenyeji walimwita Sulis na Waroma wakamwunganisha na Minerva wao. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo vibamba vidogo vya madini, takriban 130, vilivyoandikwa maombi ya laana na kutupwa majini, na vingi vinamshtaki mwizi, mara nyingi mwizi wa nguo zilizoachwa na mtu aliyekuwa akioga. Ninapovisoma vibamba hivyo nawaona wanawake wawili wa Nyamyumba wakishika kitenge: palipo na maji ya kuogea pana nguo zilizovuliwa, na mtu ambaye mwili wake uko wazi na mali yake iko mbali ana wasiwasi, awe ni mungu au ni jirani anaye­mlilia.

Karne 15 na zaidi baadaye, madaktari wa Ulaya walipoanza kuamini kwamba maji yana nguvu zaidi yakinywewa kuliko yakiogewa, majengo yalibadilika kabisa. Mgonjwa wa Karlovy Vary, katika nchi ya Cheki, aliagizwa anywe kikombe, atembee, anywe tena, kwa saa maalumu. Mtu anayetembea akiwa na kikombe mkononi hahitaji bwawa. Anahitaji paa refu la kumkinga na mvua na njia tambarare ya kupishana na wenzake. Ndipo ikajengwa, kuanzia mwaka 1871 hadi 1881, veranda kubwa iliyochorwa na msanifu Josef Zítek, yenye zile nguzo 124. Cheti cha daktari kilikwenda sambamba na ramani ya jengo. Ujerumani nayo ilifika mbali zaidi katika nyumba ya Friedrichsbad ya Baden-Baden, iliyofunguliwa mwaka 1877: mwogaji hupita hatua 17, moja baada ya nyingine, kutoka hewa ya moto hadi mvuke, hadi maji ya joto, hadi maji baridi, kila hatua ikiwa na muda wake. Mwili umechukuliwa kuwa kitu kinachorekebishwa kwa utaratibu, na nyumba imekuwa utaratibu huo uliopewa milango.

Wakulima wa Japani walikuwa na dhana ya tatu: kwamba tiba ni muda. Walikwenda chemchemini baada ya mavuno wakiwa na mchele na magodoro yao, wakakaa wiki moja hadi tatu, wakijipikia. Nyumba zao za tiba kwa hiyo zilikuwa za mbao, nyepesi, zenye vyumba vidogo na jiko la pamoja, na jiko lilikuwa muhimu kama bwawa. Mimi huona dhana hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na yetu, kwa sababu mgonjwa wa Kivu haendi popote peke yake, wala haendi bila sufuria.

Uwezo wa watawala pia huacha alama, na Afrika ina mifano iliyo wazi. Addis Ababa yenyewe ilizaliwa kando ya chemchemi: mwaka 1886, malkia Taytu, mke wa mfalme Menelik, alivutiwa na maji ya moto ya Filwoha chini ya milima ya Entoto, akajengewa makazi huko, na mji mkuu wa Ethiopia ukafuata. Nchini Uganda, huko Kitagata katika iliyokuwa Ankole, kuna chemchemi mbili zilizo jirani ambazo hazikuhitaji ukuta wowote ili kutenganishwa, kwa kuwa zilitenganishwa kwa majina. Moja huitwa Ekyomugabe, kwa kuwa ilikuwa ya mfalme, Omugabe. Nyingine watu wameiita Mulago, jina la hospitali kuu ya taifa iliyo Kampala, kwa jinsi wanavyoiamini kutibu. Sijawahi kuona ramani iliyo fupi kuliko hiyo. Maneno mawili yamesema nani aliingia wapi, na yamesema maji yanafanya nini.

Watawala wa kigeni walileta kuta zao. Serikali ya walowezi wa New Zealand ilifungua mwaka 1908, mjini Rotorua, nyumba kubwa ya tiba ya maji yenye sura ya jumba la kale la Kiingereza, mbao nyeusi juu ya kuta nyeupe, ili wageni kutoka Ulaya wajione wako kwao. Gesi ya salfa inayotoka ardhini ilianza mara moja kuyala mabomba na lipu. Na wakati huo huo, mwendo mfupi kutoka hapo, Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa kijiji cha Whakarewarewa walikuwa wakioga katika mabwawa ya pamoja yaliyo wazi na kupika chakula kwa mvuke wa ardhi ile ile, bila kuwa na chochote cha kuliwa na gesi. Kwetu Katanga mambo yalikuwa makavu zaidi. Huko Kiabukwa, mwaka 1952, Wabelgiji waliweka juu ya chemchemi ya nyuzi 91 mtambo mdogo wa umeme, wa kilowati 200 hivi, kwa ajili ya shughuli za madini. Kampuni iliyotazama ardhi na kuona machimbo iliyatazama maji yake na kuona injini, ikayajengea nyumba ya injini.

Nimefika sasa kwenye jambo linaloigusa Goma yenyewe, na ambalo naliandika kwa hofu kidogo. Maneno ya kujenga mahali pa kupumzikia kwenye maji ya moto husikika mara kwa mara katika ukanda wetu, na mara nyingi anayeyasema ana picha ya ukuta wa matofali, mlango mmoja, kioo na paa lililofungwa kila upande. Mtu wa Goma anapaswa kuijua hatari iliyo katika picha hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ni Kiswahili cha kwetu kilichowapa wanasayansi wa dunia neno mazuku. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Ina uzito wa mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na hukusanyika kwenye mabonde madogo na mashimo, kama yale ya Himbi na Bulengo kando ya ziwa, ikaua mbuzi, mbwa na hata watoto wanaoinama. Chemchemi za ardhi ya volkano zinaweza kutoa gesi hiyo pamoja na ile ya salfa. Chumba cha kuogea kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi na kufungwa vizuri ili joto lisipotee, kama kuba ya Rudas, hapa kwetu kinaweza kuwa mtego. Ufuko ulio wazi ambao wageni huudharau una faida isiyoandikwa popote: upepo wa ziwa huufagia mchana kutwa.

Basi ikiwa kuna siku tutajenga, na natumaini tutajenga, ardhi yenyewe imekwisha kutoa nusu ya ramani. Sakafu iwe juu kuliko ardhi inayoizunguka, wala isiwe bondeni. Kuta zisifike chini kabisa, ili gesi nzito ipate pa kutokea. Paa liinuliwe na pande za juu ziachwe wazi. Misingi iwe ya mawe ya lava, ambayo tunayo kuliko tunavyotaka tangu milipuko ya Nyiragongo ya Januari 2002 na Mei 2021, na juu yake mbao, ambazo mafundi wa Goma wanazijua vizuri kwa kuwa nusu ya mji umejengwa kwazo. Mabati na misumari ya chuma yasiachwe karibu na mvuke wa salfa. Msanifu Peter Zumthor alifanya jambo la namna hii katika kijiji cha Vals nchini Uswisi mwaka 1996, alipoijenga nyumba ya maji ya moto kwa mabamba ya jiwe la mlima ule ule ambalo wanakijiji wamekuwa wakilitumia kuezekea nyumba zao, na leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kuona jiwe ambalo kijijini lilikuwa jambo la kawaida. Nusu ya pili ya ramani wanayo waogaji. Badala ya vyumba viwili vikubwa viwepo vidimbwi vingi vidogo, vilivyopangwa ili aliye katika kimoja asimwone wa kingine, na njia zaidi ya moja za kufika, ili mtu akimwona mkwe wake kwa mbali apate pa kupitia. Liwepo jiko. Na bei, kama lazima iwepo, isiwe ya kumzuia mwanamke wa sokoni, maana yeye ndiye aliyeitunza tiba hii wakati hakuna aliyeona faida ndani yake.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha mama mkubwa mchoro wangu. Aliugeuza mara mbili, akauliza mlango uko wapi, nikamwonyesha, akatikisa kichwa kukataa, kisha akaweka kidole upande wa ziwa. “Mutuwekee miti mbili ya kutundika kitenge,” alisema, “na mulango isiangalie njia.” Nimeufuta mlango ule na kuuhamishia aliponyooshea kidole, na ile miti miwili nimeichora kwanza, kabla ya kuta.